Mshauri wa Wazazi na Fedha za Kampuni



Mwezi uliopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja kijana wa parokia yetu alitungoja kwenye baraza ya jumba la mikutano akiwa na bahasha mkononi. Wengi wenu mnaijua sauti yake, hata kama hamwijui sura yake. Kwa miaka mitatu sasa amekuwa akiwafundisha wazazi wenzake kwa njia ya simu: namna ya kumwogesha mtoto mchanga katika baridi ya Juni, namna ya kuchanganya unga wa sambaza waliokaushwa katika uji wa mtama, soya na mahindi, namna ya kutambua homa inayotaka mtoto apelekwe kituo cha afya usiku huohuo, bila kungoja kuche. Alianza na kikundi cha WhatsApp cha mama kumi na wawili wa shirika lake. Leo video zake fupi zinatazamwa Uvira, Goma na Kalemie, na ndugu zetu walioko Ulaya hutumiana wao kwa wao.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi mbili za mkataba. Kampuni moja inayouza maziwa ya unga ya watoto ilimwahidi dola 60 kila mwezi pamoja na katoni ya makopo, kwa sharti kwamba atengeneze video mbili kwa mwezi akimwonyesha mtoto wake mdogo akinywa maziwa hayo. Maneno ya kusema yalikuwa yamekwisha andikwa. Sharti la mwisho, lililowekwa chini kabisa kwa herufi ndogo, lilimtaka asitaje popote kwamba amelipwa. Mama huyu hakuja kutuomba ruhusa, maana hatuna mamlaka juu ya kazi yake. Alikuja kutuuliza kama kutia sahihi kungekuwa dhambi, na alitaka jibu kabla ya mwisho wa juma.

Hatukumjibu siku ile. Tulifanya vikao viwili, na cha kwanza kilivunjika vibaya. Baadhi ya wazee wetu walisema kwamba mama Mkristu hana sababu ya kuonekana katika simu za watu, na kwamba kampuni ile ilikuja kwa sababu yeye mwenyewe alijiweka sokoni. Baadhi ya vijana walijibu kwamba wazee wanachukia simu kuliko wanavyochukia njaa. Maneno hayo yote mawili hayakumsaidia mtu. Haya tunayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyafikia baadaye, na tunayaleta mbele yenu kwa kuwa tunajua kwamba bahasha za namna hii zitawafikia wengi wenu, na nyingine zimekwisha wafikia.

Tuanze na fedha yenyewe, kwa maana kikao cha kwanza kilikwama hapo. Kulipwa kwa kazi halali si aibu. Mama huyu hutumia saa zake, mega zake na chaji ya simu ambayo mara nyingi huinunua kwa jirani mwenye sola. Mume wake ni mwalimu, na mnajua mishahara ya walimu inavyofika. Mtu akimwambia kwamba ushauri mwema lazima utolewe bure siku zote, basi na amwambie pia duka la kuuza mega limpe bure. Hatuoni katika Injili wala katika mafundisho ya Kanisa mahali panapomwamuru mfanyakazi afe njaa ili aonekane mtakatifu.

Lakini mtume Paulo anatufundisha jambo ambalo wengi wetu tunalipita haraka tunapozisoma barua zake. Kule Korintho alifanya kazi ya kushona mahema pamoja na Akila na Prisila, akakataa kuwalemea Wakorintho kwa gharama zake, ijapokuwa aliwaandikia wazi kwamba alikuwa na haki ya kutunzwa nao. Wakati huohuo alipokea msaada wa Wafilipi, tena zaidi ya mara moja, akawashukuru kwa furaha. Mtu yuleyule, Injili ileile, lakini mkono mmoja aliupokea na mwingine akaukataa. Hakuwa na sheria moja kuhusu fedha, bali alikuwa na swali moja: fedha hii ikishaingia mkononi mwangu, je, neno langu litabaki huru? Kwa Wafilipi aliona kwamba litabaki huru. Kwa Wakorintho aliogopa kwamba watu wangesema anahubiri kwa ajili ya tumbo, na Injili ingezuiliwa. Hivyo, anayetaka kujua kama apokee fedha ya kampuni hawezi kujibiwa kwa neno moja la ndiyo au hapana. Ni lazima aitazame kampuni ile, bidhaa ile na sharti lile.

Basi tuitazame bidhaa.

Maziwa ya kopo si sumu. Yapo kwa ajili ya mtoto ambaye mama yake amefariki, au mama ambaye daktari ameona kwamba hawezi kunyonyesha. Shida iko katika kumshawishi mama mwenye maziwa kifuani kwamba anahitaji kopo. Wauguzi wa vituo vyetu vya afya hulieleza jambo hili kila juma, nasi tunalirudia kwa kuwa ndilo kiini cha habari yetu. Maziwa ya mama hutengenezwa kadiri mtoto anavyonyonya. Mtoto akipewa chupa, biberoni kama tunavyosema, hushiba na kunyonya kidogo. Akinyonya kidogo, maziwa hupungua. Yakipungua, mama huona kwamba kweli kopo lilihitajika. Baada ya majuma machache yale makopo ya zawadi yanakwisha, na maziwa ya kifuani nayo yamepungua. Hapo mama hana hiari tena. Hununua, na akikosa fedha huongeza maji na kupunguza unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Maji hayo ni yapi? Katika mitaa yetu mingi ni maji ya bomba linalotoka siku mbili kwa juma, au ya mto, au ya ziwa, na makaa ya kuyachemsha yana bei yake. Tunaishi katika nchi ambamo kipindupindu hakijawahi kutuaga kwa muda mrefu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, bila hata maji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alisimama mbele ya watu wakubwa wa Singapore akakemea wazi biashara ya maziwa ya kopo kwa watoto wachanga, akiita vifo vilivyotokana nayo kwa jina lake halisi, yaani uuaji. Huyu ndiye daktari yuleyule aliyeujulisha ulimwengu wa tiba ugonjwa wa kwashiorkor, ule ambao wazee wetu wa Bushi wanauita bwaki. Alijua vema sura ya mtoto aliyekosa chakula cha kumfaa. Kule Asia kampuni zilikuwa zikiwatuma wanawake waliovaa sare nyeupe kama wauguzi, wakizunguka kwa wazazi na kuwasifia maziwa. Mama aliyewaona aliamini kwamba anasikia neno la hospitali, kumbe lilikuwa neno la duka.

Vijana, tafadhali mtue kidogo juu ya sare ile nyeupe. Kampuni haikununua nguo. Ilinunua imani ambayo mama alikuwa nayo kwa muuguzi. Leo sare imebadilika. Mama wa siku hizi anajua tangazo la barabarani ni tangazo, na analipita bila kulitazama. Lakini mama mwenzake anayezungumza jikoni kwake, mtoto mgongoni, sufuria ikichemka nyuma yake, huyo anamwamini. Zile dola 60 zilikuwa bei ya jiko hilo na ya mgongo huo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kuhusu matangazo ya maziwa katika mitandao ilieleza waziwazi kwamba kampuni huwatumia watu wenye wafuasi wengi, huunda vikundi vya wazazi na kutoa namba za ushauri, ili mama apokee tangazo bila kujua kwamba ni tangazo.

Mataifa hayakukaa kimya. Mei 1981, Mkutano wa Afya Duniani mjini Geneva ulipitisha Kanuni ya Kimataifa kuhusu uuzaji wa vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikupiga upande wowote, na moja tu, Marekani, ilikataa. Kanuni hiyo inataka bidhaa hizo zisitangazwe kwa watu wote, wala mama wasipewe makopo ya kuonja bure, wala picha ya mtoto mchanga isiwekwe juu ya kopo. Tuliposoma sharti la mkataba lililotaka mtoto wa mama yetu aonyeshwe akinywa, tulitazamana. Picha ambayo haitakiwi juu ya kopo ndiyo iliyotafutwa katika simu.

Mwakilishi wa kampuni alikuwa na jibu tayari. Alimwambia mama kwamba maziwa yale ni ya mtoto aliyepita mwaka mmoja, kwa hiyo kanuni haiyahusu. Si kweli. Mwongozo uliopokelewa na Mkutano huohuo mwaka 2016 unaeleza kwamba maziwa yanayouzwa kwa watoto hadi miezi 36 yamo. Na Mei 2025 mataifa yalipitisha azimio jingine linalolenga hasa matangazo ya bidhaa hizi kwa njia za kidijitali. Tunajua pia kwamba kanuni iliyopitishwa Geneva haishiki mkono wa mfanyabiashara wa hapa kwetu kama hakuna anayeisimamia. Lakini dhamiri ya Mkristu haingoji polisi.

Kwa upande wa bidhaa, basi, jibu letu lilikuwa hapana, na hatukusita. Hata kama kampuni ingeongeza fedha mara kumi, hata kama ingemruhusu aseme kwamba amelipwa, tungeshikilia neno hilo.

Jambo la kuficha malipo linastahili kusemwa peke yake, kwa sababu litawakuta hata wale watakaotangaza vitu visivyo na madhara yoyote, kama sabuni au vitenge vya kubebea mtoto. Tarehe 22 Februari 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati kuhusu maadili katika matangazo. Haikuyahukumu matangazo yote. Ilikubali kwamba yanaweza kuwasaidia watu kuchagua vema na kuwapatia wengine kazi. Lakini iliweka misingi ya ukweli, heshima ya mtu, na wajibu kwa jamii. Mtu anaweza kusema maneno ya kweli tupu kuhusu sabuni, akawa bado anasema uongo kuhusu nafsi yake, kwa kuwa amejionyesha kama rafiki anayeshauri bure, naye ni mchuuzi aliyelipwa. Amri ya nane haiishii kwenye maneno ya kinywa. Msikilizaji anadanganywa kuhusu nani anayezungumza naye.

Wafaransa wameliwekea jambo hili sheria. Tangu Juni 2023 mtu anayelipwa ili kusifia bidhaa mitandaoni katika nchi yao analazimika kuandika wazi kwamba ni tangazo au ushirikiano wa kibiashara. Tunaitaja sheria hiyo kwa kuwa wengi wenu mnatazama kurasa za Kifaransa, na yale maneno madogo yaliyo pembeni mwa video mnayaona bila kuyajali. Yana maana. Yanampa msikilizaji nafasi ya kupima. Kwetu, mtu anaweza kufanya hivyo kwa sentensi moja ya Kiswahili chepesi mwanzoni kabisa, si mwishoni watu wakiwa wamekwisha ondoka: mama zangu, mtu anayeuza sabuni hii amenilipa niwaonyeshe. Tumesikia vijana wakisema kwamba sentensi kama hiyo inaharibu tangazo. Kama tangazo linaharibika kwa kusema ukweli, tunauliza lilikuwa limesimama juu ya nini.

Tena kuna mtoto. Tulichelewa kumfikiria, na tunakiri kwamba aliyetukumbusha ni msichana wa Kizito-Anuarite mwenye miaka kumi na miwili, aliyekuwa ameleta maji ya kunywa katika kikao cha pili. Aliuliza: na mtoto akikua, akaikuta? Wazee walinyamaza. Mtoto wa miezi kumi na nne hawezi kukubali wala kukataa. Video ikishatoka hairudi. Hunakiliwa, huhifadhiwa katika simu za watu tusiowajua, na huenda ikatumiwa kwa namna ambayo mama hakuiwaza. Mzazi ana haki nyingi juu ya mtoto wake, lakini haki ya kumkodisha sura yake kwa mfanyabiashara hatuioni. Sisi tunaona heri afundishe kwa mwanasesere au kwa mikono yake mwenyewe. Mama yetu alikubali jambo hili haraka kuliko tulivyotazamia, na usiku ule alifuta video nne za zamani ambamo mtoto alionekana akiogeshwa.

Hoja iliyotutesa zaidi ilitoka kwenu, vijana. Mlisema: akikataa yeye, kampuni itampata mwingine kesho asubuhi, maziwa yatatangazwa vilevile, na yeye peke yake ndiye atakayekosa dola 60. Hoja hii ina nguvu kwa sababu sehemu yake ya kwanza ni kweli. Kampuni itampata mwingine.

Hatukuwa na jibu la kitabuni. Tulimkumbuka ndugu yetu wa ng'ambo ya ziwa, Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Alikuwa mwanasheria kijana wa Goma, mlei kama sisi, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, na kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazopita mpakani. Waliletwa kwake vyakula vilivyoharibika, na fedha juu yake ili avipitishe. Alikataa. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake katika uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Yeye pia angeweza kusema kwamba mpaka una milango mingi, na kwamba chakula kile kitapita kwa mkaguzi mwingine. Huenda wengine walimwambia hivyo. Lakini hakuulizwa chakula kitapita wapi. Aliulizwa kama kitapita mkononi mwake, kikaingia tumboni mwa watu wa mji wake.

Hatutaki kuikuza habari ya mama yetu kupita kiasi. Hakuna aliyemtishia maisha, na mwakilishi wa kampuni alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, ambaye pengine naye ana watoto wa kulisha. Ila swali lililowekwa mbele yao ni la ukoo mmoja: chakula kisichofaa, fedha mkononi, na watu wasiojua.

Hapa inatupasa tujisemee wenyewe, maana si haki kumpima mama kijana kwa kipimo ambacho sisi hatukukitumia. Miaka miwili iliyopita shirikisho letu lilipokea jezi na turubai kutoka kwa kiwanda kimoja cha pombe kwa ajili ya mashindano ya mpira ya vijana wa parokia. Turubai lile, lenye jina la pombe kwa herufi kubwa, lilisimama hatua chache kutoka mlango wa kanisa kwa siku tatu, na vijana wa miaka kumi na mitano walicheza wakiwa na jina hilo kifuani. Hakuna kikao kilichofanywa. Tulifurahi kwamba jezi zilipatikana. Hakuna aliyetuuliza kama ni dhambi, na sisi hatukujiuliza. Katika kikao cha pili mama mmoja mzee wa Legio ya Maria alituambia hivyo mbele ya wote, kwa sauti ya chini, na hatukuwa na la kujibu. Jezi zile bado zipo. Tumeamua kwamba zitapelekwa kwa mshonaji ili jina lifunikwe kwa kitambaa, na gharama itatoka katika mchango wetu sisi viongozi, si katika sanduku la vijana.

Sasa, kukataa kuna bei, na mtu anayemshauri mwenzake akatae bila kuuliza bei hiyo nani ataibeba, anamtwika mwenzake mzigo ambao yeye haugusi kwa kidole. Dola 60 kwa nyumba ile ni ada ya shule ya watoto wawili na chumvi na sabuni ya mwezi. Hilo lilikuwa jambo gumu kuliko yote, na kwa ukweli hatukulimaliza. Tulichokubaliana ni kwamba shirika lake litalipa mega zake kwa miezi sita, kila jumuiya ikitoa kidogo, na kwamba vikundi vya wazazi wanaojiandaa kubatiza watoto vitamwalika afundishe na kumpa posho ya usafiri kama tunavyowapa walimu wengine. Haifiki dola 60. Inafika karibu theluthi, na katika miezi mibaya haitafika hata hapo. Tunaliandika hapa ili atakayeona aibu pamoja nasi aongeze chake.

Pia tulimsaidia kupima milango mingine. Mshonaji mmoja wa Kadutu, anayetengeneza nguo za watoto na vitambaa vya kubebea, alikwisha mwomba amwonyeshe kazi yake kwa malipo madogo. Tulimwuliza mama kama yeye mwenyewe amewahi kununua kwa mshonaji yule kwa fedha yake, kabla ya kuombwa. Amenunua, mara mbili, na mshono wa pili ulifumuka. Basi tukamwambia: kubali, sema kwamba umelipwa, sema pia kwamba mmoja ulifumuka na akautengeneza bure. Mshonaji akikataa maneno hayo, mwachane kwa amani. Alikubali. Alicheka, akasema kwamba hata mke wake humwambia uzi wake ni dhaifu. Wanaotaka kujua namna ya kuchagua watafaidika zaidi kwa kuutazama mshono ule kuliko kwa kusoma kanuni nyingi. Mfanyabiashara anayestahimili kasoro yake isemwe hadharani mara nyingi anakuachia ulimi wako. Anayekuletea maneno yaliyokwisha andikwa ameshauchukua.

Kuna vitu vingine ambavyo tungependa mjadili katika vikundi vyenu, kwa maana wasichana wengi wameanza kuletewa. Krimu za kung'arisha ngozi ziko mbele ya vyote. Nyingi zina hidrokwinoni au zebaki, huharibu ngozi na figo, na sasa zinatangazwa hata kwa mama wajawazito. Hatuhitaji vikao viwili kuhusu hizo. Zungumzeni pia juu ya michezo ya kubahatisha ya mpira, ambayo huwalipa vijana wenye wafuasi ili watume namba za kujiunga. Huko ndiko wavulana wengi wa parokia hii wanakopoteza fedha za shule, nasi tunajua majina kadhaa ambayo hatutayaandika.

Mama yetu aliandika jibu lake siku ya Ijumaa, kwa mkono, akatuonyesha kabla ya kulituma. Lilikuwa na mistari mitano. Alishukuru, akasema kwamba ananyonyesha na kwamba anawafundisha wengine kunyonyesha, hivyo hawezi kusema kinyume mbele ya watu walewale. Hakutaja Kanuni wala Papa. Kampuni haikujibu, na hatujamwona tena yule mwakilishi.

Lakini aliacha kopo moja la kuonja, na liko katika kabati la jumba la mikutano. Katika kikao cha pili kulizuka mabishano mapya juu yake: wengine walitaka litupwe, wengine liuzwe na fedha iwekwe katika mchango wa mega. Katika shirika la mtaa wa chini kuna bibi anayelea mjukuu wa miezi minne, ambaye mama yake alifariki akijifungua. Tumemwomba muuguzi wa kituo cha afya alitazame kopo lile, tarehe yake na maandiko yake, kisha atuambie kama linamfaa mtoto yule, na amfundishe bibi kuchemsha maji na kuosha kikombe. Atakuja Alhamisi. Tumemwomba bibi aje na sufuria anayoitumia nyumbani, si nyingine.